Mgomba wa Uzazi

Wewe unaweza kutaja aina ngapi za ndizi? Usiniambie za kupika na za kuiva. Hizo si aina, huo ni uvivu. Nakuuliza wewe uliyezaliwa mlimani, ukaachishwa ziwa kwa mtori wa ndizi, na leo unapanda kurudi nyumbani kila Desemba ukiwa na viatu vinavyoogopa tope. Taja. Ukifika tano, umejitahidi.

Wenseslaus wa Uru alikuwa akifika kumi na tisa, na hakuzitaja akiwa amekaa. Alitembea. Alianzia mlangoni, mikono nyuma, akapita katikati ya migomba ya kihamba chake, shamba lililozunguka nyumba, kama mwalimu mkuu anayekagua mistari asubuhi. "Huyu mshare, wa mtori. Huyu mrarao, mchome ukiwa na haraka, mpike ukiwa na nafasi. Yule mlelembo ni wa pombe ya mbege, ukimpikia mgeni atakusema mpaka kwao. Huyu kitarasa, mkaushe, msage, unywe uji." Kwake migomba ilikuwa na tabia kama watu. Mmoja mvivu, mwingine mlafi wa samadi, mwingine mwenye kinyongo, ukiukata jani bila sababu unakunyima mkungu mwaka mzima.

Ukaguzi huo uliishia nyuma ya zizi la ng'ombe. Hapo palikuwa na shina moja, la kumi na tisa, ambalo hakulitaja jina, kwa sababu halikuwa nalo. Gome lake lilikuwa jeusi kama sufuria ya kuni, mkungu wake mfupi, ndizi zake nene zenye pembe kali. Majirani hawakuwa na mgomba kama huo. Mama yake Wenseslaus, Ndelilio, ndiye aliyekuja na mche wake siku alipoolewa, ameubeba kichwani umefungwa kwa majani makavu, na tangu hapo nyumbani kwao uliitwa mgomba wa uzazi, basi. Ndizi zake zilikaushwa zikasagwa, na unga wake ukapikwa uji wa maziwa na samli kwa mwanamke aliyejifungua, miezi mitatu yote anayokaa ndani akihudumiwa na mama mkwe. Ndelilio alinywa uji huo alipomzaa Wenseslaus. Salvina, mke wa Wenseslaus, aliunywa mara tatu: kwa mabinti wawili, kisha kwa Fabian, mwanaume pekee na kitinda mimba.

Ukimwona Wenseslaus akiisifu migomba hivyo, ungedhani alizaliwa akiipenda. La. Ujana wake wote aliutumia kuiua.

Miaka ya sabini alikuwa mpuliza dawa wa chama cha msingi cha ushirika. Alibeba bomba mgongoni kutoka kihamba hadi kihamba, akinyunyizia kahawa mrututu, mpaka kucha zake zikawa za bluu na mashati yake ya bluu na, kama Salvina alivyopenda kusema, hata mate yake ya bluu. Alikuwa mtu wa kilimo cha kisasa. Bwana shamba alipowakusanya wakulima na kuwaambia kwamba ndizi zinaiba chakula cha kahawa, kwamba kahawa safi ni kahawa inayokaa peke yake kwa mistari, Wenseslaus alikuwa wa kwanza kurudi nyumbani na kunoa panga. Alikata nusu ya kihamba kwa siku mbili.

Ndelilio alikuwa bado hai wakati huo. Hakulia wala hakumlaani. Alisimama pembeni na kumwuliza, "Hiyo kahawa ikikomaa, mwanangu, utanipikia mtori wa kahawa?"

"Mama, hii ni fedha ya nchi."

"Sawa. Nchi ikijifungua, wataipa uji gani?"

Kisha yule mama akainama, akakiburuta kisiki cha mgomba wa uzazi kwa mikono yake mpaka nyuma ya zizi, akakifukia kwenye samadi. Hivyo ndivyo kilivyobaki.

Tuseme ukweli, kahawa ililipa. Ilijenga zahanati, ikasomesha watoto, ikawavalisha watu suti za kuendea misa. Halafu ukaja wakati wa ruksa, kisha wakati wa soko huria, na wale wale waliomwambia mkulima ategemee zao moja wakamwambia sasa ajitegemee. Mrututu uliokuwa ukitolewa kwa mkopo ukawa unauzwa dukani kama manukato. Bomba la Wenseslaus likatundikwa ukutani, kuku akalala juu yake. Kila msimu walikuja wanunuzi wapya na mizani mipya na maneno matamu, na kila msimu bei ilishuka. Kahawa ikashikwa na ugonjwa wa matunda, ikawa inakaukia mtini. Hakuna bwana shamba aliyerudi kuomba radhi. Hawa watu hawana desturi ya kurudi.

Mwaka wa tisini na tano, siku moja baada ya misa, Wenseslaus alivua koti la kanisani, akachukua sululu, akaanza kung'oa kahawa yake. Salvina alimwuliza kama amelewa.

"Nimeamka," alimjibu.

Ndipo alipoanza kuomba migomba. Alikwenda na kikapu, Uru yote, Kibosho, mpaka Old Moshi, akibisha hodi kwenye vihamba vya watu na kuuliza kama wana mgomba ambao bibi zao walikuwa nao. Mwanaume mzima! Ndizi huko mlimani ni mambo ya wanawake. Mwanaume ana kahawa yake na ng'ombe wake. Ndizi anaziona kwenye sahani. Wanawake walimcheka, kisha wakampa. Kikongwe mmoja alimpa miche mitatu na kumwambia, "Chukua baba, mimi nikifa hawa watapanda nyanya." Alirudi nayo moja moja, akaipanda kwa samadi ya ng'ombe wake wawili. Chini yake akaweka magimbi, maharage na viazi vikuu, juu akaiacha miti ya miruka itoe kivuli, na kila zamu yake ilipofika alifungulia maji ya mfereji wa mfongo usiku au mchana. Baada ya miaka minne ungeingia kihambani mwake saa sita ya jua kali ukadhani umeingia kanisani.

Kilabuni walimwita Mwanaume wa Ndizi. Jirani yake Jovin, mfuga nguruwe mwenye mdomo mrefu kuliko kata ya mbege, ndiye aliyeanzisha.

"Karibu, Mwanaume wa Ndizi! Leo umewapalilia wake zako wangapi?"

"Kumi na tisa," Wenseslaus alijibu, akikaa. "Na hakuna hata mmoja anayenifukuza nyumbani kama wako."

Watu wakacheka, naye akacheka. Mzaha wa ndizi haukumwuma. Uliomwuma ulikuwa mwingine.

Kwa sababu miaka hiyo mlima ulikuwa unaota mapaa. Vijana waliokuwa wamekwenda Dar es Salaam na Arusha kufanya biashara walirudi na saruji. Kila kihamba kikapata nyumba ya vyumba saba, bati la rangi, geti la chuma, kibaraza cha vigae. Nyumba hizo hukaliwa na watu siku kumi na nne kwa mwaka, Krismasi na Mwaka Mpya. Siku nyingine zote hukaliwa na popo. Na zote zimesimama pale palipokuwa na chakula. Lakini mzazi ambaye mwanawe hajajenga nyumbani, huko kwetu anatembea kama mtu aliyevaa shati bila suruali.

"Wenseslaus," Jovin alimwuliza siku moja mbele ya watu, "yule Fabian wako yuko hai?"

"Yuko hai. Ana duka la spea Gerezani, Dar."

"Ahaa. Nilidhani amekufa. Maana hatuoni tofali."

Siku hiyo Wenseslaus hakumaliza kata yake.

Basi Fabian alipokuja kwa Pasaka ya mwaka elfu mbili, akakaa kwenye kigoda mbele ya baba yake na kusema, "Baba, nataka kujenga," mzee alijibu kabla sentensi haijatua.

"Jenga."

"Tatizo ni mahali, baba. Gari linafika pale kwenye migomba tu."

Salvina alikuwa akimenya ndizi. Kisu kikasimama. Alimtazama mumewe.

"Jenga," Wenseslaus alirudia, kwa sauti ya juu zaidi, kama anayetaka Jovin asikie kutoka kwake.

Hilo lilikuwa kosa lake, na sitamtafutia mtu mwingine wa kumbebesha. Kwa desturi kihamba cha nyumbani ni cha kitinda mimba, angeweza kujitetea kwa hilo. Lakini alikuwa bado hai, na neno lilikuwa lake. Alilitoa kwa kiburi. Jioni ile alikwenda kilabuni akawanunulia watu mbege, wakamwita Baba Nyumba, naye akaitika.

Msingi ulikula migomba ya mbele. Shimo la choo na ukuta wa tofali vikala ya pembeni. Miruka ikapasuliwa mbao. Alitembea akiwaomba majirani wachukue miche wapande kwao. Majirani wakachukua vigogo, kwa ajili ya ng'ombe. Kufikia Krismasi ya kwanza ya nyumba ile, katika aina kumi na tisa ilikuwa imebaki moja, ile ya nyuma ya zizi. Alijaribu kuhamisha vichipukizi vyake viwili kando ya mfongo. Vibarua wa ujenzi wakawa wanaoshea hapo karai na machepe ya saruji, vikaungua kwa chokaa, vikafa. Likabaki shina la mama, na mtoto wake mmoja mdogo kama mkuki.

Mwaka uliofuata mambo mawili yalitokea karibu pamoja. Mgomba wa uzazi ukachanua mkungu. Na habari ikaja kutoka Dar kwamba Violet, mke wa Fabian, ni mjamzito, atajifungua mwishoni mwa Januari, na kwamba atakuja kujifungulia nyumbani, akae ndani kwa Salvina miezi mitatu kama mila inavyotaka.

Wenseslaus alihesabu kwa vidole, akahesabu tena. Mkungu na mtoto vingefika pamoja. Mzee yule aliyekuwa amenyamaza tangu nyumba ijengwe akaanza kuzungumza tena. Aliuwekea mkungu nguzo mbili usianguke. Aliusogezea samadi kwa mikono. Alimwambia Salvina kwamba huyo mjukuu akinyonya maziwa yaliyotokana na uji ule, basi kazi ya mama yake haikupotea, na kwamba mvua za Machi zikianza atakitenga kile kichipukizi na kukipanda mbele kabisa ya nyumba ya Fabian, karibu na kibaraza, watu wa mjini wakione.

"Na Fabian akikataa?" Salvina aliuliza.

"Hawezi kukataa chakula cha mwanawe."

Fabian alifika wiki moja kabla ya Krismasi na gari jipya. Alikuwa anaandaa sherehe kubwa, kuwaonyesha watu nyumba na kumshukuru Mungu. Siku ya kwanza alijaribu kugeuza gari uani, akashindwa, akarudi nyuma mpaka barabarani huku vijana wakimwongoza kwa kelele. Aliteremka, akatazama huku na huku, macho yake yakatua nyuma ya zizi.

"Baba, wageni watakuja na magari kumi. Pale tukipasafisha, tukamwaga kokoto, watageuzia pale."

"Pale hapana," Wenseslaus alisema. "Ule ni wa Violet."

"Violet nitamnunulia ndizi."

"Hiyo hainunuliwi. Subiri mpaka Machi. Nitakihamisha kile kidogo kwa mikono yangu, halafu umwage kokoto mpaka kitandani kwangu ukitaka."

Fabian akacheka, akamshika bega. "Sawa, baba. Usijali."

Mzee hakuridhika na ule mkono wa begani. Alikwenda mpakani, akachuma jani la isale, lile jani refu la kijani linalopandwa kwenye mipaka ya vihamba na juu ya makaburi, akalifunga kwenye shina la mgomba, fundo moja, usawa wa kifua. Kwa Mchagga hapo hakuna la kuongeza. Kitu kilichofungwa isale hakiguswi. Kusema tena kwa maneno ni kumtukana mtu, ni kana kwamba unamwambia hakulelewa. Kwa hiyo Wenseslaus hakusema tena.

Tarehe ishirini na tatu asubuhi, Fabian alimwamsha mapema. Violet alikuwa anakuja kwa basi kutoka Dar, shule anayofundisha imefungwa.

"Baba, nimekukodia teksi. Nenda ukampokee mkamwana wako stendi. Akipokewa na wewe itakuwa heshima. Mimi niko na mafundi."

Wenseslaus alivaa koti la kanisani. Alikaa Moshi mjini tangu saa nne mpaka saa tisa alasiri, amesimama stendi jua linampiga kisogoni, akikataa kukaa asije akapitwa na basi. Violet aliposhuka, tumbo mbele, alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umechoka?"

"Nimevimba miguu kama tembo. Ule mkungu umefikia wapi?"

Ndilo lilikuwa jambo lake la kwanza kuuliza. Mzee alimwonyesha kwa mikono ukubwa wake. "Umeanza kujaa. Mwisho wa Januari uko tayari."

"Na mimi mwisho wa Januari. Sijui nani atamtangulia mwenzake."

"Wewe usishindane na mgomba," alimwambia. "Una roho ngumu ule."

Wakacheka njia nzima ya kupanda mlima.

Kabla hawajafika walikutana na wanawake wawili wakiteremka na vigogo vya mgomba kichwani. Wenseslaus aliwasalimu, akatazama vile vigogo. Gome lilikuwa jeusi. Alimwambia dereva asimamishe gari, kisha akamwambia aendelee.

Uani palikuwa peupe. Kokoto ilikuwa imetandazwa kutoka kibarazani mpaka ukutani, nyuma ya zizi kote, imesawazishwa, inang'aa. Gari la Fabian lilikuwa limesimama juu yake, limegeukia njia. Violet aliteremka akashika kiuno, akatazama.

"Baba," aliuliza, "ulisema uko wapi?"

Mzee akavuka kokoto kuelekea nyuma ya zizi. Fundi Nurdin, yule wa Njoro aliyejenga nyumba tangu msingi, alikuwa akikusanya vyombo vyake. Alimwona mzee, akaweka chini pimamaji yake, akamfuata.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

"Mzee, mimi sikukata. Naapa kwa Mungu. Niliwaambia vijana waweke mapanga chini. Nikamwambia Fabian, hapa pana jani la mzee. Mimi si Mchagga, lakini nimekaa huku miaka thelathini, jani lile nalijua. Akaniambia, 'Fundi, siku hizi mnaogopa majani?' Akalifungua mwenyewe. Akakata mwenyewe. Sisi tulimwaga kokoto tu, mzee. Hilo tulilifanya."

"Kisiki?"

"Alisema king'olewe pamoja na kile kichipukizi, visije vikainua kokoto. Aliita majirani waje na mapanga, kuna chakula cha mifugo."

Wenseslaus aliondoka na koti lake la kanisani, akavuka mfongo, akaenda moja kwa moja kwa Jovin. Kisiki hata kikikatwa, kikibaki kipande chenye jicho, kinaota. Alilijua hilo. Mgomba wa mama yake uliota kutoka kwenye kisiki kilichoburutwa. Alimkuta Jovin ameegemea banda la nguruwe.

"Kisiki kiko wapi?"

"Kipi?"

"Jovin."

Jovin akaonyesha kwa kidevu. Ndani ya hori, jike la nguruwe lilikuwa limezamisha pua mpaka machoni. Wenseslaus alipanda ukuta wa banda, akaingia, akapekua hori kwa mikono yote miwili huku mnyama akimsukuma magoti. Alitoa maganda, alitoa mizizi myembamba, alitoa tope. Jicho hakupata.

"Ningejua utakuja kukidai ningemwambia asubiri," Jovin alisema. Ni mazoea ya mdomo wake tu, kwa maana hapohapo aliona uso wa jirani yake, akaacha kuegemea banda. Kisha akasema polepole, "Wenseslaus, mimi niliitwa. Mwanao ndiye aliyetuita."

"Na mkungu?"

"Ng'ombe wa watu. Ulikuwa mchanga bado."

Aliporudi nyumbani jua lilikuwa linaelekea kuzama, na kibarazani walikuwa wameshakaa watu, wazee wa ukoo na wageni wa kwanza waliotoka Dar. Magoti ya suruali yake yalikuwa na kinyesi cha nguruwe. Alisimama mbele ya mwanawe. Salvina alitoka jikoni na mwiko mkononi. Violet alikuwa ameketi kwenye kochi jipya, nailoni yake haijatolewa, analia bila sauti.

Nadhani mzee alikuwa na maneno. Njia nzima kutoka kwa Jovin alikuwa akiyapanga. Lakini Fabian alimtangulia. Aliinuka, akatoa kitu mfukoni mwa shati, akapiga magoti kwenye vigae mbele ya watu wote na kukinyoosha kwa mikono miwili. Lilikuwa jani la isale. Lile lile, bado na mkunjo wa fundo.

"Baba, nimekosa. Nisamehe."

Wote waliokuwepo kibarazani walijua. Isale haikataliwi. Hata aliyekuulia ndugu akija nayo, unaipokea. Anayeikataa, ubaya wote unahamia kwake na kwa watoto wake. Na mtoto wa mtoto wake alikuwa pale, tumboni mwa Violet. Fabian alijua pia. Mila aliyoicheka asubuhi mbele ya fundi, jioni aliikumbuka vizuri kabisa, neno kwa neno, kwa kuwa jioni ilimfaa. Hiki ndicho kizazi tulichokizaa, na wengine ndio sisi wenyewe: tunauza mila kwa rejareja, tunabaki na zile zenye faida.

Wenseslaus alilitazama lile jani kwa muda mrefu. Mzee mmoja wa ukoo akakohoa.

Alinyoosha mkono, akalipokea.

"Asante, baba!" Fabian aliinuka akipangusa magoti, na watu wakapumua, wakaanza kucheka na kugusana mabega. "Na nitakuletea migomba mipya. Ya kisasa, ya maabara, inazaa kwa miezi tisa. Unataka mingapi? Mia?"

"Keti, mwanangu," Wenseslaus alisema. "Wageni wana kiu."

Mbege ikaletwa. Yeye hakunywa. Alikwenda jikoni kwa Salvina, akakaa kwenye kigoda karibu na moto. Salvina alikuwa akikoroga chungu bila kugeuka.

"Umemsamehe?"

"Nimepokea jani."

"Nimekuuliza kama umemsamehe."

"Na mimi nimekujibu."

Akakoroga tena. "Wewe ndiye uliyesema 'jenga'," alisema, si kwa hasira. "Mara mbili. Nilikuwa nimekaa hapa na kisu."

"Ndiyo."

"Ungeniuliza."

"Ndiyo," alisema Wenseslaus. "Ningekuuliza."

Asubuhi iliyofuata, mkesha wa Krismasi, aliamshwa na mngurumo wa gari. Alitoka nje na shuka begani. Gari dogo la mizigo kutoka sokoni Moshi lilikuwa limeingia getini, limejaa mikungu ya ndizi mpaka juu ya kichwa cha dereva, yote mirefu, yote ya kijani kimoja, yote sawasawa kama imetoka kiwandani. Fabian alikuwa ameiagiza kwa ajili ya sherehe. Dereva hakupata taabu. Alikwenda mpaka nyuma ya zizi, akazungusha usukani mara moja, gari likageuka juu ya kokoto, likasimama mlango wa jikoni.

Salvina alitoka akijifunga khanga. Miaka arobaini na miwili ya ndoa, tangu aingie kihamba kile, hakuwahi kula ndizi iliyokuja kwa gari. Aliubonyeza mkungu mmoja kwa dole gumba, akaunusa, akaubonyeza mwingine.

"Zimetoka wapi hizi?"

"Sokoni, mama. Wanasema ni za Tukuyu," dereva alimjibu.

"Ni ndizi gani?"

Dereva alimtazama, akatazama mizigo yake, asielewe anaulizwa nini. "Ni ndizi, mama."

Violet alikuwa amesimama kibarazani, mkono juu ya tumbo. Salvina aligeuka akamwona, akaona pia mumewe na shuka lake. Kisha akainama, akajitwisha mkungu wa kwanza, akauingiza ndani.